Uzi: Mmarekani aliyefungiwa mlango wa kiwanda cha karatasi China, halafu akarudi na takataka zake

Fundi Skrini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kwenye ule mjadala wa sanaa, mtu mmoja alisema "kubadilishana utamaduni" ni msemo wa mabalozi tu, watu wanakula sambusa, wanapiga picha, kila mmoja anarudi kwake kama alivyokuja. Nilibisha, nikaambiwa nilete mfano. Deni ndilo hili.

Nitangulize kusema: mimi si msomi wa sanaa. Ninaprinti fulana na mabango kwa skrini, ile fremu ya kitambaa inayopitisha rangi, mikono yangu haitoki rangi mpaka Jumapili. Huyu mzungu nilimjua kwa njia hiyo hiyo ya skrini, maana naye alikuwa anaprinti picha za magazeti kwa skrini kama sisi, tofauti yake ni kwamba za kwake zimetundikwa makumbusho na za kwangu zimevaliwa kwenye kampeni.

Robert Rauschenberg. Mzaliwa wa Port Arthur, Texas, 1925, mji wa viwanda vya mafuta. Mwaka 1955 alichukua kitandiko cha viraka na mto, akavimwagia rangi, akavitundika ukutani kama picha. Kazi inaitwa Bed. Halafu kuna mbuzi. Mbuzi wa Angora aliyekaushwa na kujazwa, amenunuliwa duka la vitu vilivyotumika, amevalishwa tairi la gari kiunoni na kusimamishwa juu ya ubao uliochorwa. Ilimchukua kuanzia 1955 hadi 1959 kuridhika na yule mbuzi. Yupo Stockholm mpaka leo. Mwaka 1964 akapewa tuzo kuu ya uchoraji Venice, na Wazungu wa Ulaya walinuna kwelikweli, wakisema Marekani imeinunua.

Sasa kisa chenyewe. Juni 1982 alikwenda wilaya ya Jing, mkoa wa Anhui, China, pamoja na watu wa karakana ya Gemini G.E.L. ya Los Angeles. Shida yao ilikuwa karatasi ya Xuan. Hii si karatasi ya fotokopi. Inatengenezwa kwa magome ya mti uitwao qingtan na mabua ya mpunga. Mabua yanaanikwa kwenye miteremko ya milima, yanapigwa jua na mvua kwa miezi, yanachemshwa, yanapondwa mpaka yanakuwa uji, ndipo watu wawili au zaidi wanainua chujio la mianzi kwa pamoja na karatasi inazaliwa. Hatua zake zinapita 100. Rafiki yangu aliwahi kuniletea kipande. Nilipoweka brashi yenye wino, karatasi iliunywa pale pale. Ukisita sekunde moja, una doa, na doa halifutiki. Nikaelewa kwa nini wachoraji wao wanakaa kimya muda mrefu kabla ya kugusa.

Rauschenberg akafika na nyota zake za Venice. Wakamwambia: kiwandani huingii. Ufundi ule ni siri, wameutunza karne na karne, hawamwonyeshi mgeni. Kwa hiyo yeye na wenzake wakafanyia kazi zao nje ya kiwanda, wakiletewa karatasi na uji wake. Kutokana na uji ule, hariri, karatasi ya dhahabu na vipande vya picha za Kichina, ikatoka seti inayoitwa 7 Characters, yaani herufi saba.

Naendelea, ngoja nimalizie oda ya mtu.

Kichwa Ngumu

Naweka kiti hapa. Ila mkuu, mbuzi na tairi? Hiyo kwetu Vingunguti ni ajali, si sanaa.

Mtoto wa Pangani

😂😂 Halafu ilimchukua miaka minne. Mbuzi wa kwetu angekuwa supu siku ya kwanza.

Fundi Skrini

Nimerudi.

Kilichomkaa kichwani kule Anhui ni watu zaidi kuliko karatasi. Alishtuka kuona jinsi waliokuwa wanamzunguka walivyokuwa hawana habari za kinachofanyika mbali kidogo na pale, na safari ya kwenda kujionea haikuwa jambo la mtu kuamua mwenyewe asubuhi. Tukumbuke ni 1982, Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao, yale yaliyopiga vita vya kale na vya kigeni, yameisha 1976 tu, vyuo vya sanaa vimefunguliwa juzi.

Akarudi nyumbani kwake kisiwa cha Captiva, Florida, na wazo kubwa mno: azunguke dunia, aende nchi ambazo haziioni sanaa ya sasa ya Marekani, akae, apige picha, aokote vitu vya pale pale, atengeneze kazi, azionyeshe hapo hapo, na kila nchi aiachie kazi moja. Desemba 1984 akatangaza mradi Umoja wa Mataifa, New York. Akauita ROCI, kifupi cha Rauschenberg Overseas Culture Interchange, yaani kubadilishana utamaduni ng'ambo, ambayo ukiitamka inatoka kama Rocky, jina la kobe wake. Ndiyo, alikuwa na kobe.

Wafadhili wakakwama. Sehemu kubwa akalipa mwenyewe, akiuza kazi zake na za wenzake alizokuwa amezihifadhi. Kuanzia 1985 akapita Meksiko, Chile, Venezuela, China, Tibet, Japani, Cuba, Urusi ya Kisovieti, Ujerumani na Malaysia, akafunga Washington 1991.

Novemba 1985 akafika Beijing, Jumba la Taifa la Sanaa. Na hapa naomba mtulie, maana jumba hili ndilo uzi wenyewe.

Septemba 1979 kundi la vijana lijulikanalo kama Nyota, akiwemo Huang Rui, Ma Desheng, Wang Keping na kijana mmoja Ai Weiwei, yule msanii mkosoaji wa serikali ambaye leo mnamjua wote, walinyimwa nafasi ndani. Wakatundika kazi zao kwenye uzio wa nje wa jumba hilo hilo. Polisi wakaja wakaziondoa. Miaka sita baadaye Mmarekani anaingia kwa mlango wa mbele na maboksi yaliyokunjuliwa, vyuma chakavu na vitambaa. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu zaidi ya 300,000 kwa muda wa wiki tatu hivi.

Fikiria wewe ni mwanafunzi wa chuo. Umefundishwa kuchora kwa mtindo wa Kisovieti, mkulima anatabasamu, mfanyakazi kakunja ngumi. Au umefundishwa mlima na ukungu kwa wino. Njia ni hizo mbili, na zote mbili zinataka mkono uliofunzwa miaka kumi. Halafu unaingia ndani ya jumba lenye hadhi kuliko yote nchini, unakuta boksi. Boksi! Limetundikwa pale ambapo mwenzako alifukuzwa na picha yake kwenye uzio.

Mwalimu Mstaafu

Kijana, umesimulia vizuri, lakini nina shaka mbili. Kwanza, vijana wa China hawakuwa wanasubiri mzungu. Mwaka 1981 kulishakuwa na maonyesho ya michoro ya Kimarekani kutoka makumbusho ya Boston, tena yaliingia mpaka picha zisizo na umbo. Na majarida yao yalikuwa yakitafsiri falsafa na historia ya sanaa ya Magharibi kwa pupa. Mwaka 1985 tayari vikundi vilikuwa vinachipuka mikoani. Usije ukatuambia mvua imenyesha kwa sababu mtu mmoja amefungua mwavuli.

Pili, mradi huu ulipita Chile ya dikteta Pinochet. Mtu anayehubiri amani anatundika picha Santiago mwaka 1985, watu wanapotea. Hilo nalo uliweke mezani.

Fundi Skrini

Shikamoo mwalimu. Yote mawili nayapokea.

La Chile hata wenzake walimlaumu. Jibu lake lilikuwa kwamba nchi zilizofungwa ndizo hasa anazotaka kwenda. Mimi jibu hilo linanishawishi nusu. Nusu nyingine inaniambia kwamba serikali ya aina hiyo ikikufungulia mlango inajua inapata nini.

Hiyo ya mwavuli ni kweli tupu. Wimbi lao wanaliita Wimbi Jipya la '85 na lilianza bila yeye. Ninachosema mimi ni kidogo kuliko hicho: vitabu na majarida yalikuwa na picha ndogo, nyingi nyeusi na nyeupe. Tairi kwenye picha ya jarida ni doa. Tairi mbele ya pua yako ni tairi, lina harufu, na unajua lile lililotupwa nyuma ya nyumba yenu ni ndugu yake. Hicho ndicho jarida lilishindwa kuleta.

Zuwena wa Guangzhou

Habari zenu. Mimi nipo huku kwa biashara mwaka wa tisa, nawasoma kimyakimya. Xuan inatamkwa kama "shwen", msije mkaaibika mbele ya wenyeji 😄. Na hiyo karatasi ipo madukani, ila bei zinatofautiana sana na feki ni nyingi. Wanaojua huinyanyua kwenye mwanga na kuipapasa.

Swali langu kwa mwanzisha uzi: huyu baba alichukua nini kwao? Maana hapa naona tu alichopeleka. Kubadilishana ni pande mbili. Mimi nikija na kontena tupu nikarudi na kontena lililojaa hiyo ni biashara, si kubadilishana.

Kichwa Ngumu

Dada Zuwena kapiga penyewe. Huyu ni beberu wa utamaduni tu. Anakuja na skrepa zake, anazindua, anaondoka, sisi tunaambiwa tumeelimika.

Fundi Skrini

Dada, hilo ndilo swali lililonifanya niandike.

Alichochukua kwa mkono wake, kwa maoni yangu, ni chepesi. Alipiga picha nyingi sana China, akaziunganisha kuwa ukanda mmoja wa futi 100, mita 30 na ushei, unaitwa Chinese Summerhall. Baiskeli, ng'ombe, mabango, matofali, chakula. Ni nzuri. Ila ni macho ya mpita njia, na nyingi ya kazi za ROCI ziko hivyo: shingo ya abiria wa basi, unageuka huku na huku. Zilipokusanywa Washington 1991 wahakiki wa kwao walizikandia. Nimezitazama nyingi, na sioni kwamba walionea.

Ila kuna kazi zake za Asia za mapema zaidi zilizonikamata, kwa sababu mle alilazimika kutii. Mwaka 1975 alikaa Ahmedabad, India, kwa mwaliko wa familia ya Sarabhai, akafanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi cha ashram ya Gandhi, yaani makazi yake ya ibada na kazi. Pale akatumia mianzi, kamba, vitambaa vya sari na tope lililochanganywa na uji wa matambara na viungo. Alipotoka pale, yule mtu wa kujaza vitu mpaka pomoni akaanza kutundika kitambaa kitupu kwenye fito. Kazi zile zinaitwa Jammers. Kitambaa na ukuta na upepo, basi. Nani alimfundisha kunyamaza? Si New York. Hapo kontena lake lilirudi na kitu, dada.

Na Anhui alirudi na ule mlango uliofungwa. Msanii mkubwa kuambiwa "hapa mwisho wako" na fundi wa karatasi, akakaa nje akapewa uji. Angeruhusiwa kuingia, huenda angetoka na picha 500 za mashine na watu wenye makoti meupe, mambo yakaishia hapo.

Mtoto wa Pangani

Na Japani je? Maana wale nasikia hawakopeshi mtu ufundi, wanakuiga halafu wanakupita.

Fundi Skrini

Mkuu umegusa kipande ninachokipenda kuliko vyote, na kinaanza kabla ya China.

Novemba 1964, miezi michache baada ya tuzo ya Venice, Rauschenberg yupo Tokyo na kundi la ngoma la Merce Cunningham. Yeye ndiye mtu wao wa jukwaa na mavazi. Kituo cha sanaa cha Sogetsu kikaandaa jioni ya maswali 20 kwake, muulizaji mkuu mhakiki Yoshiaki Tono. Ukumbi umejaa. Yeye akapanda jukwaani na pazia la Kijapani la kukunja, lenye rangi ya dhahabu, akaanza kulibandika viatu, saa, boksi, chupa za Coca-Cola, na mbwa wa kauri juu ya kiti cha baiskeli aliyefungwa kamba. Maswali yanasomwa. Hajibu hata moja. Saa zinapita, anagonga tu misumari.

Kati ya waliokuwa wanauliza ni kijana Ushio Shinohara. Huyu alikuwa ameona picha ya kazi ya Rauschenberg ya 1958 iitwayo Coca-Cola Plan, ile ya chupa tatu na mabawa, akaitengeneza ya kwake. Tena hakuficha, aliita Sanaa ya Kuiga, waziwazi. Akampelekea mwenyewe aione. Jamaa akafurahi mwanzoni. Alipogundua kwamba Shinohara hakutengeneza moja, ametengeneza nyingi, furaha ikapungua.

Hebu fikirini utani ule. Bingwa wa kuokota vitu vya watu viwandani na kuviita vyake, chupa ambayo hata yeye hakuitengeneza, anakunja uso kwa sababu mtu kamwokota yeye. Shinohara alimjibu kwa lugha yake mwenyewe, na mimi nikihesabu mabao jioni ile, bao ni la Tokyo. Mwaka 1969 alihamia New York, na huko aliendelea mpaka uzeeni kuchora kwa kupiga kanvasi ngumi, glavu zimelowa rangi.

Mwalimu Mstaafu

Sasa tumalizie la China. Baada ya Mmarekani kuondoka walifanya nini? Hapo ndipo nitajua kama boksi lilikuwa na maana.

Fundi Skrini

Mwalimu, wengi walianza kwa kuiga, na kazi nyingi za 1986 ni uchafu uliobandikwa tu. Tusidanganyane. Wakati mwingine mtu akionyeshwa kwamba takataka inaweza kuwa sanaa, anaanza na takataka na anaishia hapo.

Ila kuna Huang Yong Ping wa Xiamen. Novemba 1986 kundi lake lilimaliza maonyesho, wakazitoa kazi zao nje, wakazichoma moto. Zote. Kisha 1987 akachukua vitabu viwili, kimoja historia ya uchoraji wa China, kingine historia fupi ya uchoraji wa kisasa wa Magharibi, akavitia kwenye mashine ya kufulia nguo. Dakika mbili. Kilichotoka akakirundika juu ya kipande cha kioo kwenye sanduku la mbao. Jina la kazi ndilo maelezo hayo hayo niliyoyasema.

Sasa nirudisheni Anhui. Kule mzungu alisubiri nje apewe uji wa karatasi ya Kichina ili atengeneze herufi. Miaka mitano baadaye Mchina anachukua herufi zote, za kwao na za wazungu, anazirudisha kuwa uji. Sijui kama Huang aliwahi kuiwaza ile safari ya kiwandani na wala si lazima. Mimi nikiviweka hivyo viwili kwenye meza moja, mazungumzo ninayasikia. Na ni mazungumzo makali, kwa sababu wa pili hamshukuru wa kwanza. Anamwambia: unadhani huu ni mkutano wa tamaduni mbili, haya, tazama mkutano wenyewe unavyokuwa ukizitia pamoja.

Halafu Xu Bing. Oktoba 1988, ndani ya jumba lile lile la uzio na maboksi, alitundika mikunjo ya karatasi kutoka darini na kutandaza vitabu sakafuni, vimechapwa kwa mbao alizochonga mwenyewe herufi moja moja, na mwishowe zilifika kama 4,000. Wazee wakainama kusoma. Hazisomeki. Herufi zote amezibuni, hakuna hata moja yenye maana. Huyu hakutumia takataka yoyote. Alitumia ufundi wa kale kabisa wa kuchapa, mimi kama mtu wa kuchapa ninajua ule mgongo uliuma kiasi gani. Alichukua ruhusa, akaacha boksi.

Zuwena wa Guangzhou

Hiyo ya Xu Bing nimeonyeshwa picha na mteja wangu mmoja mzee. Aliniambia inaogopesha zaidi ukiwa unajua kusoma. Sisi tusiojua tunaona urembo tu.

Kichwa Ngumu

Sawa, nimeanza kulegea. Lakini serikali yao ilivumilia yote haya?

Fundi Skrini

Mpaka Februari 1989. Jumba lile lile tena. Maonyesho makubwa ya wasanii wao wapya, alama yao ni ile ya barabarani ya kukataza kugeuza gari. Siku ya ufunguzi Wu Shanzhuan kaja na kamba wabichi anauza ukumbini kama yuko Feri, mwingine kakaa juu ya mayai anayaatamia, mwingine ananawa miguu kwenye beseni. Kisha msanii Xiao Lu akatoa bastola akaifyatulia mara mbili kazi yake mwenyewe, vibanda viwili vya simu. Maonyesho yakafungwa siku hiyo hiyo. Baadaye yakafunguliwa, yakafungwa tena. Miezi minne mbele ni Juni 1989, mauaji ya Uwanja wa Tiananmen, na hayo mnayajua.

Mtoto wa Pangani

Mkuu, hapa kwetu je? Tingatinga inauzwa sana Japani, si na sisi tuna kisa?

Fundi Skrini

Tunacho, na kinataka uzi wake. Rangi ya baiskeli kwenye ubao, Msasani, 1968, mpaka kuta za Tokyo. Nikikianza leo tutalala hapa. Nikumbusheni baada ya Idi.

Zuwena wa Guangzhou

La mwisho kabla sijalala, huku ni usiku wa manane. Hicho kiwanda cha Jing bado kipo?

Fundi Skrini

Kipo dada. UNESCO waliuandika ufundi ule kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2009, mabua bado yanaanikwa milimani. Siku hizi kuna na makumbusho ya karatasi, wageni wanatembezwa.

Zuwena wa Guangzhou

Kwa hiyo nikienda naingia?

Fundi Skrini

Kwa tiketi.